Samadi na Sala

Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka yumo mtu mmoja ambaye, kwa maoni yangu, hajahubiriwa vya kutosha. Simsemi mwenye shamba, aliyekuja mwaka wa tatu kutafuta tunda kwenye mtini wake, akaukuta mtupu, akaamuru ukatwe. Namsema mfanyakazi wake, yule mtunza shamba aliyejiweka kati ya shoka na shina. Hakukana kwamba mti haujazaa. Hakumlaumu aliyeupanda, wala mvua. Aliomba mwaka mmoja tu, na papo hapo akaitaja kazi atakayoifanya ndani ya mwaka huo: atachimba kuuzunguka mti, kisha atautilia samadi. Wahubiri wengi niliowasikia hukaa sana kwenye subira ya Mungu, na ni haki yao, lakini ile samadi huipita haraka, labda kwa kuwa mimbarani haijazoeleka.

Mama mkubwa hajawahi kuipita. Somo hilo likisomwa kanisani huinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina la jirani yake likitajwa.

Ni dada mkubwa wa mama yangu. Aliolewa Machame, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na tangu ujana wake hadi leo maisha yake yamekwenda na kurudi kati ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kanisa. Wapo wanaomwona kuwa mtu wa dini ambaye pia analima, na wapo wanaomwona mkulima hodari ambaye Jumapili hakosekani ibadani. Mimi niliyekulia jikoni kwake naona kazi moja. Anachokifanya akipiga magoti na anachokifanya akiinama chini ya migomba ni kile kile: anaomba kitu kiongezewe muda, halafu anaingia mwenyewe kuufanyia kazi muda alioupewa. Sijawahi kumsikia akiombea jambo ambalo hakuwa tayari kulibebea ndoo.

Kazi hiyo ninataka kuisifu kwa jina la ufundi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Ina kanuni zake, ina zana zake, ina macho yanayofunzwa kwa miaka, na ina makosa ambayo fundi huyaona na mpita njia hayaoni.

Asiyekijua kihamba akipita barabarani hudhani ameingia msituni. Juu kabisa husimama mringaringa, mruka na msesewe, miti iliyopandwa au iliyoachwa kwa makusudi. Kivuli chake hupunguza ukali wa jua bila kulifunga, na majani yake yakianguka huoza yakawa chakula cha udongo. Msesewe una kazi ya ziada, maana gome lake ndilo linaloipa mbege, pombe ya ndizi, uchungu wake. Chini ya miti hiyo ni migomba, chini ya migomba ni mikahawa, na chini ya mikahawa ni maharage, mnavu na magimbi yanayopenda ukingo wa mfongo wa maji. Viazi vikuu navyo hupanda juu ya miti vikitafuta mwanga. Yote haya hukaa kwenye kipande ambacho kwa familia nyingi hakifiki ekari mbili.

Ukanda huu wa vihamba umelala kati ya takribani mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari, na wataalamu wameufuatilia kwa muda mrefu. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2006, alikuta humo zaidi ya aina 500 za mimea, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, upande wa Uru, kuwa miongoni mwa maeneo ya urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Nilimsomea mama mkubwa habari hizo tukiwa tumeketi mekoni. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: walipokuwa wakihesabu hiyo mimea, walimkuta nani shambani?

Swali hilo nimekaa nalo. Kilimanjaro husifiwa sana kwa udongo wake wa volkano, kwa mvua ya masika na ya vuli, kwa mifongo iliyochimbwa na wazee kuleta maji kutoka mitoni, na sifa hizo zote ni za kweli. Lakini udongo wa volkano hauwezi kubaki na rutuba kwa vizazi vingi, huku ukilimwa kila siku na kubeba mikungu mwaka mzima, pasipo mtu wa kuurudishia unachotoa. Mtu huyo, kwa sehemu kubwa, amekuwa mwanamke. Kwa desturi kahawa ilikuwa ya baba na fedha yake ilipita mikononi mwa baba. Ndizi zilikuwa za mama. Kahawa iliandikwa kwenye vitabu vya ushirika, ikapimwa, ikapigiwa hesabu. Ndizi zililiwa, zikauzwa sokoni Kwasadala kwa mkungu mmoja mmoja, na hazikuandikwa popote.

Basi niuandike mgomba.

Shina moja la migomba lililotunzwa vizuri huwa na vizazi vitatu: mama aliyebeba mkungu, binti anayemfuata kwa kimo, na mjukuu aliyetoka ardhini juzi. Machipukizi mengine yote hung'olewa. Kusema hivyo ni rahisi, na mabwana shamba husema. Ugumu uko kwenye kuchagua. Kuna chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, lililoshikana barabara na mzizi wa mama yake, hilo litazaa. Kuna jingine lenye majani mapana tangu udogo, linalopendeza macho, limenenepa kwa haraka. Hilo shina lake ni dhaifu na mkungu wake utakuwa mdogo. Mgeni huacha linalopendeza. Mama mkubwa huliondoa bila kusita, kwa mkono mmoja, huku akizungumza na wewe habari nyingine kabisa. Anaangalia pia upande. Kwenye mteremko, asemavyo, chipukizi la upande wa juu ndilo la kubakizwa, kwa sababu mvua ikiteremsha udongo shina la juu huupokea na la chini huachwa mizizi nje.

Mkungu ukishakatwa, kazi ya mgomba ule haijaisha. Gogo lake hukatwa vipande. Vingine hupasuliwa na kutandazwa wazi vikauke, ili fukusi wasipate pa kuzaliana. Vingine hukatwakatwa akapewa ng'ombe, ambaye Machame haendi malishoni. Anakaa bandani mwaka mzima na majani humfuata huko huko. Majani hayo huletwa kichwani na mwanamke: majani ya migomba, magugu, matete yaliyooteshwa kingoni mwa shamba, na wakati wa kiangazi nyasi kutoka mashamba ya tambarare, mwendo wa kuteremka asubuhi ukiwa mtupu na kupanda mchana ukiwa na mzigo. Watu wakiuona mzigo ule husema mama anabeba majani ya ng'ombe. Ukweli ni kwamba anabeba rutuba, anaipandisha mlimani kwa shingo yake, kutoka chini ilikoteremka kwenda juu inakohitajika.

Halafu ndiyo samadi. Haitupwi mbichi kwenye shina. Hukusanywa pembeni ya banda pamoja na mabaki ya majani, hufunikwa, huachwa iive mpaka ipoteze ukali na ianze kunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Mama mkubwa huipima kwa mkono. Akiiminya na ikashikamana bila kutoa maji, iko tayari. Huchimba mfereji wa mviringo, hatua kidogo kutoka shinani, kwa sababu mizizi inayokula haiko shinani, iko mbali kidogo. Humwaga, hufukia, hufunika kwa majani makavu. Ni maneno yale yale ya mtunza shamba wa Luka, na nimeyaona yakitendeka mara nyingi kuliko nilivyoyasikia yakisomwa.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wametangulia upande wa mashariki, Kilema, na ni kwao kahawa ilipooteshwa kabla karne ile haijakwisha. Kwa hiyo juu ya mlima huu kanisa na mche vilifika karibu wakati mmoja, mara nyingine kwa mikono ile ile. Baadaye alikuja Bruno Gutmann, mwaka 1902, mmisionari aliyeshika msimamo ambao wenzake wengi hawakuwa nao: kwamba ukoo, ujirani na ardhi ya nyumbani visivunjwe ili kulijenga kanisa, bali kanisa lijengwe juu yake. Yako mengi katika maandishi yake ambayo leo yanaweza kubishaniwa. Hilo moja naliona limethibitika kila nikiangalia jinsi usharika wa mama mkubwa unavyoishi. Jumuiya yao ya sala ni majirani wa mfongo mmoja. Wanaogawana zamu ya maji ndio wanaopokezana nyumba za kusalia.

Na kati yao kuna mmea unaobeba mambo yote mawili, isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, hauliwi, hauuzwi, na hakuna kihamba kisichokuwa nao. Hupandwa mpakani kuonyesha kihamba cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Hupandwa makaburini, maana Wachaga huzika kihambani, na ukiona isale limesimama mahali pasipo na mpaka, ujue kuna mtu wa nyumba hiyo amelala pale. Na ndilo jani la kuombea msamaha. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale, hata hasira yake iwe na haki kiasi gani, kwa mila hatakiwi kulikataa.

Nilimwuliza mama mkubwa siku moja kama haoni ugumu, yeye mzee wa kanisa, kushika mila hiyo pamoja na Chakula cha Bwana. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema kwamba mchungaji huwaambia washarika wapatane kabla ya kuja mezani, na kwamba watu wengi hushindwa kupatana kwa kukosa pa kuanzia. Mdomo unakuwa mzito. Jani linakwenda mbele ya mdomo. Yeye mwenyewe, alipokuwa mke kijana, aligombana na jirani kwa ajili ya mkondo wa maji, na wakakaa muda mrefu wakipitana njiani bila salamu. Kilichowapatanisha ni isale lililokatwa mpakani, lile lile lililokuwa likiwatenganisha. Jumapili iliyofuata walipiga magoti pamoja altareni. Sina la kuongeza hapo. Sijui mahali pengine ambapo mmea mmoja umepewa kazi ya kuweka mpaka na kazi ya kuuvuka.

Kalenda yake ya kanisa na kalenda yake ya shamba sijui ipi ilitangulia kuiongoza nyingine. Ijumaa ya kwanza ya Machi ni siku ya maombi ya wanawake duniani, ambayo liturujia yake kila mwaka huandaliwa na wanawake wa nchi tofauti. Kwa mama mkubwa ni siku ya kuombea nchi ya watu asiowajua, na pia ni alama: mvua za masika ziko mlangoni, na mbegu za maharage lazima ziwe zimechaguliwa. Huzichagua yeye mwenyewe kwenye ungo, punje kwa punje, akiweka kando zilizokunjamana na zilizotobolewa. Pasaka humkuta katikati ya matope. Jumapili nyingi baada ya Utatu, zile zenye rangi ya kijani altareni, ni miezi ya baridi na ukungu, miezi ya kahawa kuanza kuiva. Majilio huja na vuli.

Rangi hizo za altareni anazijua kuliko waumini wengi kwa sababu kwa miaka mingi yeye ndiye anayepamba. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni sehemu ya ufundi wake ninayoipenda mno, na ambayo wengi huiona kuwa pambo tu.

Kwanza, maua yake hayanunuliwi. Yanaoteshwa katika ukanda mwembamba kati ya nyumba na migomba, na yanaoteshwa kwa kufuata mwaka wa kanisa. Yungiyungi jeupe, linalopenda unyevu wa kando ya mfongo, ni la Pasaka na Krismasi. Ya zambarau ni ya Majilio na Kwaresima. Mekundu yanasubiri Pentekoste. Kuyafanya yachanue kwa wakati ni hesabu. Waridi akilitaka jekundu kwa Pentekoste anajua alipogoe lini, na kwa kuwa Pentekoste hufuata Pasaka, nayo Pasaka huhama kila mwaka, hesabu hiyo haikaririki. Mapema kila mwaka hutafuta tarehe ya Pasaka, kisha ndipo mkasi hutoka.

Pili, hukata Jumamosi alfajiri, kabla jua halijayachosha, na hukata kwa mshazari ili shina linywe vizuri. Huyazamisha ndoo nzima mpaka shingoni, gizani, ndani ya stoo, yakae humo mpaka alasiri. Tatu, hana vyombo vya maua vya bei. Huchukua kipande cha gogo la mgomba, hukikata tambarare upande wa chini ili kisimame, hukivika majani kisionekane, kisha huchomeka maua moja moja. Gogo la mgomba limejaa maji. Maua yaliyochomekwa humo Jumamosi jioni huwa bado yamesimama wiki inapofika katikati. Ibada ya mazishi ikitokea Jumanne, kanisa halikutwi tupu.

Anapamba akiwa peke yake, mlango wa kanisa ukiwa wazi nusu, na huimba. Kitabu cha Mwimbieni Bwana kimo mkobani lakini hakifungui, tenzi zote anazo kichwani. Nimemsaidia kazi hiyo tangu utotoni, na alilonifundisha kwa ukali kuliko yote ni kuacha nafasi. Mtoto hutaka kujaza. Yeye huondoa. Mtu aliyeketi benchi la mwisho, asemavyo, lazima auone msalaba, na ua lolote linalouziba msalaba limekosea njia hata likiwa zuri namna gani. Nimekuja kuona kwamba ni jicho lile lile linaloondoa chipukizi lenye majani mapana.

Baada ya ibada hutoka nje kwenye mnada. Kwa msomaji asiye wa huko: washarika ambao sadaka yao si fedha huleta walichonacho, mayai, maziwa, mkungu, kuku, fungu la mboga, parachichi, na baada ya baraka watu hukusanyika uwanjani vinadiwe. Anayenunua mara nyingi huvirudisha vinadiwe tena, na mkungu mmoja unaweza kununuliwa mara kadhaa kabla haujapata wa kwenda naye nyumbani. Paa za makanisa mengi ya mlima huu zina mikungu ndani yake. Mama mkubwa hutoa mshare, ndizi ya mtori, na hutoa ule mkungu ulio bora. Mabinti zake walipokuwa wadogo walinung'unika, kwa nini ulioharibika kidogo uliwe nyumbani na ule mzuri uende kanisani. Hakuwapa mahubiri. Aliwapeleka shambani, akawaonyesha mashina yaliyotoa mikungu ile miwili, akawauliza ni lipi kati yake lililokosa kupewa samadi.

Lakini niseme pia kuhusu miaka mibaya, kwa sababu ufundi hupimwa hapo.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka. Kahawa ndiyo iliyosomesha Kilimanjaro. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoanza mwaka 1933, kilikuwa kimeizoesha milima hii kwamba mkahawa ni ada ya shule na bati la nyumba. Miaka ya tisini watu wengi waling'oa. Sitawalaumu; mtu aliyeuza kahawa ya mwaka mzima asipate hata ya kununulia dawa ya kunyunyizia ana haki ya kuichukia. Baba mkubwa naye alitaka kung'oa. Walijadiliana jioni nyingi, kwa sauti ya chini, na sisi watoto tukisikia vipande vipande. Mwishowe mama mkubwa aliomba safu mbili zilizo karibu na mfongo, zile za zamani. Baba mkubwa alimuuliza atazifanyia nini. Akajibu kwa utaratibu, kama mtu anayesoma orodha: nitakata matawi yaliyozeeka, nitabakiza machipukizi mawili kila shina, nitatoa mbolea kwenye zizi langu, sitakuomba dawa. Safu hizo akapewa. Nyingine zikang'olewa, na mahali pake pakaingia ndizi na mboga.

Sitaki kuifanya habari hiyo kuwa ya ushindi. Safu mbili za mkahawa hazikumtajirisha mtu. Zilitoa kahawa kidogo, mwaka mwingine kidogo sana. Zilichofanya ni kubaki. Kahawa ilipoanza tena kutafutwa, nyumba hiyo haikuhitaji kununua miche wala kujifunza upya jinsi ya kupogoa. Miti ilikuwapo, na mikono iliyoijua ilikuwapo.

Mtu mwingine aliyeombewa muda ni mwanawe wa pili, aliyerudi kutoka mjini akiwa amefungwa na pombe. Habari zake si zangu kuzieleza zote. Nitasema hili tu: wazee wa ukoo walifika kusema akatwe, yaani anyimwe sehemu yake ya kihamba, na mama yake alisimama mbele yao. Hakuwaambia mwanangu hana kosa. Alitaja kosa lake kabla wao hawajalitaja. Kisha akawaambia atakachofanya: atamwamsha alfajiri, ataenda naye majanini, atakula naye sahani moja jioni, na Jumatano atamfikisha kwenye sala za jumuiya hata kama ni kwa kumshika mkono. Alifanya hivyo. Ilichukua muda mrefu kuliko alioomba, na katikati yake kulikuwa na kuanguka. Leo yule kaka ndiye anayesafisha mfongo kipande chao chote, na ndiye mwenye kushika ndoo ya maua Jumamosi alasiri wakati magoti ya mama yanapogoma kupanda ngazi za kanisa.

Kuna jambo katika sifa hizi ambalo linaniuma, na nisipolisema nitakuwa nimewasifu wanawake hawa kwa namna ya kuwaacha pale pale walipo. Kihamba kwa mila kimerithiwa na wana wa kiume. Kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kati ya sheria hiyo na mpaka wa isale kuna umbali ambao bado haujatembewa wote. Mwanamke anaweza kuijua ardhi kwa mikono yake miaka hamsini, akajua kila shina lilizaliwa na lipi, na kwenye mazungumzo ya ukoo akawa mtu wa kuleta chai. Kanisa lenyewe, lililopokea mikungu yake yote hiyo, linaweza kulisema jambo hili kwa sauti kubwa zaidi kuliko linavyolisema. Nimeshawaambia hivyo wachungaji wawili watatu, na nitaendelea kuwaambia.

Mama mkubwa mwenyewe hakungoja. Binti yake wa tatu, aliyefiwa na mume na kurudi nyumbani na watoto, hakuwa na mahali. Mama akawaita wanawe wote wa kiume wakati wa Krismasi, msimu ambao Wachaga wengi hupanda mlima kurudi kwao, akawaambia kipande cha chini ya nyumba, kile chenye migomba ya mshare, ni cha dada yao. Akataka iandikwe, na ikaandikwa, mbele ya mashahidi wa ukoo na mzee mmoja wa kanisa. Mmoja wa wanawe alinyamaza kwa siku mbili, kisha akaja na isale.

Nilikuwa huko masika iliyopita. Binti alikuwa akisafisha mashina ya kipande chake, panga mkononi, kanga imefungwa kiunoni, na mama mkubwa ameketi kwenye kigoda pembeni, kwa kuwa siku hizi kuinama kunamshinda. Tulisalimiana. "Shikamoo, mama mkubwa." "Marahaba mwanangu, umekuja na mvua." Tukamtazama binti akifika kwenye shina kubwa lililokuwa na machipukizi mengi. Alilizunguka, akachuchumaa, akashika moja, akaachia, akashika jingine. Akang'oa yote akaacha moja, la upande wa chini, nene, lenye majani membamba kama inavyotakiwa. Akaenda shina la pili.

Mama mkubwa angeacha lile la upande wa juu. Aliniambia hivyo mimi. Yeye hakumwambia.